UZI: Fangasi wa mapafu baada ya kupandikizwa uloto. Kabla ya kuuliza CT inaonyesha nini, uliza leo ni siku ya ngapi tangu apandikizwe

#1 MsomaKifua (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kusoma picha za kifua, eksirei na CT (mashine inayopiga picha za mwili slaisi kwa slaisi). Miaka hii wagonjwa waliopandikizwa uloto (wengine wanasema uboho) wanazidi kuongezeka. Zamani karibu wote walikuwa wametoka India. Siku hizi hata hapa nyumbani kazi hiyo inafanyika: Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kupandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023, na Muhimbili nako wameshaingia. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa aina hii anaweza kupata homa akiwa Singida, Mbagala au Nzega, mbali na aliyempandikiza, na daktari wa kwanza kumwona asiwe na uzoefu naye.

Naandika kwa ajili ya ndugu wanaouguza, na kwa madaktari na manesi vijana walio mbali na hospitali kubwa.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali, pengine na mionzi, ili uloto wake wa zamani ufutike au unyong'onyee. Uloto mpya ukiingia hauanzi kazi siku hiyo hiyo. Kwa aliyepandikizwa seli zake mwenyewe inachukua kama wiki mbili hivi. Kwa aliyepewa na mtu mwingine huwa wiki mbili mpaka nne. Katika kipindi hicho nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazowinda bakteria na fangasi, zinakaribia kuisha kabisa.

Sasa, mbegu za fangasi anayeitwa aspajilasi ziko hewani kila mahali. Zimo kwenye vumbi, majani yaliyooza, mahindi yaliyovunda, kuta zenye unyevu. Mimi na wewe tunazivuta kila siku na hazitufanyi lolote. Kwa mtu asiye na nyutrofili, mbegu ikitua ndani ya pafu inaota. Uzi wake unatoboa ukuta wa mshipa wa damu, damu inaganda ndani ya mshipa, na kipande cha pafu kilichokuwa kinalishwa na mshipa huo kinakufa. Pembeni yake damu inavuja.

Hicho ndicho CT inachokiona. Katikati kuna kinundu kizito, mara nyingi zaidi ya sentimita moja. Hiyo ndiyo nyama iliyokufa pamoja na fangasi wenyewe. Kukizunguka kuna duara la ukungu mwepesi, ambao mishipa bado unaiona kupitia humo. Hiyo ndiyo damu iliyovuja. Wataalamu wanaliita halo. Madaktari wa Johns Hopkins kule Baltimore walilieleza mwaka 1985 kwa wagonjwa wa lukemia (saratani ya damu), na mpaka leo ndiyo alama ya mapema tunayoitegemea kuliko zote.

Tatizo la duara hili ni kwamba halikai. Wafaransa wa Dijon waliwafuatilia wagonjwa 25 wenye nyutrofili chache na aspajilasi ya mapafu, wakiwapiga CT mara kwa mara, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001. Siku ya kwanza asilimia 96 walikuwa na duara. Siku ya tatu asilimia 68. Siku ya saba asilimia 22 tu. Yaani anayepelekwa CT wiki nzima baada ya ugonjwa kuanza, kuna uwezekano mkubwa alama yenyewe imeshafutika na kimebaki kinundu ambacho kinaweza kuwa cha kitu chochote.

Ndiyo maana nasisitiza tarehe. Mgonjwa ambaye nyutrofili zake ziko chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu, ana homa, amepewa antibayotiki kali siku tatu au nne na homa haishuki: huyo anahitaji CT ya kifua sasa. Asisubiri mpaka akohoe. Asisubiri mpaka eksirei ionyeshe kitu. Eksirei safi kwa mgonjwa huyu haimtoi kwenye hatari hata kidogo, kwa sababu kinundu cha sentimita moja kikijificha nyuma ya moyo au nyuma ya ini, eksirei haikioni, na lile duara la ukungu haliwezi kuliona kabisa. Tena mtu asiye na nyutrofili hatengenezi usaha, kwa hiyo hata nimonia yake kwenye eksirei inakuwa hafifu.

Na kuwahi kuna faida inayopimika. Mwaka 2007 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 235 wenye aspajilasi ya mapafu. Walioanza dawa wakati duara bado lipo, asilimia 71 walikuwa hai baada ya siku 84. Walioanza bila duara, asilimia 53. Dawa zilikuwa zile zile.

Karibuni kwa maswali. Angalizo: sitasoma picha ya mgonjwa wa mtu humu ndani na sitampa mtu dawa. Nitaeleza jinsi picha zinavyofikiriwa, ili ukikaa mbele ya daktari wako ujue la kuuliza.

#2 Mpwa wa Ujiji

Mkuu shikamoo. Uzi kama huu ndio tunaoukosa humu. Nimekaa mbele kabisa, endelea.

#3 Mama Nasra

Asante sana kaka. Nimesoma mpaka machozi yamenitoka maana ni kama umeandika habari za mdogo wangu. Amepandikizwa kwa ajili ya lukemia, aliyemchangia ni dada yetu mkubwa. Siku ya kumi na kitu akaanza homa, eksirei ikasomwa safi, lakini daktari akasema apigwe CT hivyo hivyo. Wakakuta vinundu viwili upande wa kulia, wakasema ni fangasi, akaanzishwa vorikonazoli.

Sasa wiki moja baadaye wamerudia CT na majibu yanasema vinundu vimekuwa vikubwa kuliko mwanzo. Nyumbani kumewaka moto. Baba anasema dawa haifanyi kazi, tumhamishe. Daktari anasema tutulie. Mimi sijui nimsikilize nani. Homa imepungua na anakula kidogo.

#4 MsomaKifua

Mama Nasra, pole sana dada, na hongera kwa kumuuguza. Mgonjwa wako mwenyewe siwezi kumsemea kwa sababu sijaona picha zake. Ila hilo la vinundu kukua wiki ya kwanza nalijua vizuri, na ni jambo linalowatisha watu wengi bila sababu.

Wale wagonjwa 25 wa Dijon wote walikuwa wanatibiwa. Pamoja na hivyo, ukubwa wa vidonda vyao uliongezeka kama mara nne kati ya siku ya kwanza na siku ya saba. Wiki iliyofuata ukubwa ukasimama hapo hapo, haukuongezeka. Na wengi wao walipona. Sababu ni kwamba eneo lililokosa damu linaendelea kujichora hata kama fangasi ameshaanza kudhibitiwa. Na nyutrofili mpya zikianza kurudi, zinamiminika mahali pale kupigana, zinaleta uvimbe, na picha inaonekana mbaya zaidi siku zile zile ambazo mgonjwa anaanza kupata nafuu.

Kwa hiyo CT ya siku ya saba, peke yake, haitoshi kusema dawa imeshindwa. Daktari anaangalia pamoja: homa inaelekea wapi, anapumuaje, oksijeni yake ikoje, nyutrofili zimerudi? Pia, vinundu ni vile vile viwili au vimezaliwa vipya sehemu nyingine? Vipya vingi ni habari tofauti na vya zamani kupanuka.

Kuna alama nyingine ambayo pengine utaisikia wiki ya pili au ya tatu: hilali ya hewa. Nyama iliyokufa inajitenga na pafu zima, hewa inaingia kwenye mwanya, na kwenye picha unaona mwezi mwandamo mweusi juu ya bonge jeupe. Katika utafiti ule ule, siku ya 14 ilionekana kwa asilimia 63. Familia ikisikia "kuna pango ndani ya pafu" inaona mwisho umefika. Kumbe kwa kawaida hilali inatokea kwa sababu nyutrofili zimerudi na zinafanya usafi. Mgonjwa wa aina hii nikiiona hilali kwenye picha yake, moyo wangu unatulia kiasi, ingawa bado kuna hatari moja ambayo naomba wenzetu wa wodini waiseme.

Mwambie baba, kwa heshima zote, kwamba swali la kumpa daktari ni hili: "Nyutrofili zimefika ngapi, na kuna kinundu kipya?" Majibu ya hayo mawili yatawasaidia kuliko kumhamisha mgonjwa ambaye bado hana kinga.

#5 NesiWaChumbaChaKujitenga

Naidaka hapo kaka. Hatari anayoisema ni kukohoa damu.

Sisi wa wodini tunajua kwamba siku ambazo hesabu ya chembe nyeupe inapanda na ndugu wanafurahi, ndizo siku za kumwangalia zaidi mwenye kinundu kilicho karibu na mishipa mikubwa katikati ya kifua. Kile kipande kinapojitenga kinaweza kuufungua mshipa. Akikohoa makohozi yenye michirizi ya damu, hata kidogo, mwite nesi hapo hapo, usisubiri raundi ya asubuhi. Mlaze kwa upande wenye kidonda, kama mlishaambiwa ni upande gani, ili damu isiingie pafu zima. Na chembe sahani zake (zile zinazogandisha damu) zinatakiwa zijulikane siku hiyo hiyo, siyo za juzi.

La pili ni vumbi. Ukarabati wa jengo karibu na wodi ya wagonjwa hawa ni hatari inayojulikana dunia nzima. Kubomoa ukuta mmoja kunarusha mbegu za fangasi nyingi sana. Vyumba vyao vinatakiwa viwe na hewa iliyochujwa, dirisha lisifunguliwe, maua ya kwenye chombo yasiingie. Mgonjwa akitoka chumbani kwenda kupigwa CT na korido ina mafundi, avae barakoa nzito ya kubana, siyo ile ya kitambaa.

Mkirudi nyumbani: asipukuchue mahindi, asifagie ghala, asiingie banda la kuku, asichambue mboji ya bustani, asilale chumba chenye dari lililovuja likaota ukungu. Hayo si masharti ya kumdekeza. Anaweza kuonekana mzima kabisa na kinga yake bado iko chini, hasa kama anameza steroidi, dawa zinazoshusha kinga.

#6 Mtwangio

Wakuu, mimi nina mashaka. CT ina mionzi mingi, na huyu mtu ameshapigwa dawa za sumu na pengine mionzi ya mwili mzima. Kwa nini tusimpe tu dawa ya fangasi bila hizo picha? Tena mashine zenyewe ziko mikoa michache na foleni ni ndefu. Naona kama tunamzungusha mgonjwa.

#7 MsomaKifua

Mtwangio, swali lako ni la haki.

Mionzi kwanza. CT ya kawaida ya kifua ni kama milisiveti 5 hadi 7. Mtu wa kawaida duniani anapokea wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ila kwa kutafuta fangasi si lazima kutumia kipimo kikubwa. Pafu limejaa hewa, kinundu kinajitenga chenyewe, kwa hiyo mashine inaweza kupunguzwa nguvu mpaka milisiveti moja na ushee na bado tukaona vizuri. Kinachotakiwa ni slaisi nyembamba, milimita moja hivi. Na mara nyingi haihitaji dawa ya mshipani, jambo linaloziokoa figo ambazo tayari zimeelemewa. Mwenye dhamana ya mashine akiambiwa "huyu ni mgonjwa wa uloto, tafadhali tumia dozi ndogo", anaweza kufanya hivyo. Mgonjwa mtoto, hilo liwe la lazima.

Pili, dawa bila picha. Kuna vituo vinaanza dawa kwa homa tu, na pasipo na CT siwalaumu, maana kuchelewa ni kubaya zaidi. Lakini dawa za fangasi si maji ya kunywa. Vorikonazoli inapandisha sana kiwango cha takrolimasi na saiklosporini mwilini, zile dawa zinazozuia uloto usigombane na mwili. Dozi za dawa hizo lazima zishushwe na damu ipimwe. Inagusa ini. Inachezea macho, mgonjwa anaona rangi za ajabu. Amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi, nayo inaumiza figo na kushusha potasiamu. Na si kila fangasi anasikia kila dawa. Hapo ndipo picha inapotoa msaada ambao homa haiwezi kutoa.

Umuhimu wa kujua unapambana na nani unaonekana kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2002. Wagonjwa wa aspajilasi waliopewa vorikonazoli, asilimia 70.8 walikuwa hai baada ya wiki 12. Waliopewa amfoterisini B ya kawaida, asilimia 57.9. Ila mgonjwa mwenye fangasi wa kundi la mukori ukimpa vorikonazoli, unakuwa hujampa chochote. Kwake amfoterisini ndiyo dawa.

#8 Mpwa wa Ujiji

Hapo kwenye mukori, mkuu, ndipo nilipokuwa nasubiri. Kaka yangu alitibiwa India na akarudi, karatasi yake ya majibu inazungumzia duara lililogeuzwa, ukungu ndani na ukuta mzito nje. Na walikuwa wameshampa vorikonazoli ya kinga tangu mwanzo. Walimbadilishia dawa haraka sana usiku ule na hatukuelewa kwa nini.

#9 MsomaKifua

Mpwa, walichofanya kina maana kubwa.

Duara lililogeuzwa ni kinyume cha lile la kwanza: katikati kuna ukungu mwepesi, nje kuna pete nzito. Kule Houston waliangalia wagonjwa 189 wenye nimonia ya fangasi, wengi wao wa saratani za damu. Alama hii ilionekana kwa 8 tu. Katika hao 8, saba walikuwa na mukori na mmoja aspajilasi. Ni alama adimu, lakini ikijitokeza kwa mtu asiye na nyutrofili, daktari mwenye uzoefu hasubiri kesho.

Unganisha na dawa aliyokuwa anameza. Hili naomba kila mwenye mgonjwa alijue: dawa ya kinga aliyokuwa nayo inabadilisha orodha ya washukiwa. Aliyekuwa kwenye flukonazoli amekingwa na kandida (fangasi wa kundi jingine) wengi, lakini aspajilasi haimhusu dawa hiyo kabisa. Aliyekuwa kwenye vorikonazoli na bado akaota kinundu, mukori anapanda juu ya orodha. Mambo mengine yanayoisukuma akili huko ni vinundu zaidi ya kumi, maji kwenye kifua, na sainasi (mianya ya hewa kando ya pua) zinazouma au uso kuvimba upande mmoja. Ndiyo maana CT ya kifua mara nyingi inaambatana na ya sainasi.

India mukori wanamjua kuliko nchi nyingi. Mwaka 2021 wakati wa korona alitikisa nchi nzima, sana sana kwa wenye kisukari waliopewa steroidi. Madaktari wa kule wana jicho lake.

Fomu ya kuombea CT ikija kwangu imeandikwa "homa, angalia mapafu" basi, nasoma nikiwa nimefumbwa jicho moja. Ikija imeandikwa siku ya ngapi tangu kupandikizwa, nyutrofili ngapi, alichangiwa au ni seli zake, anameza kinga gani, ana steroidi au hana, usomaji unakuwa mwingine kabisa.

#10 Mwanamaabara

Naongeza upande wetu. CT haimtaji fangasi kwa jina. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa, vilivyofanyiwa marekebisho 2020, vinampanga mgonjwa katika ngazi tatu: inawezekana, yaelekea, imethibitika. Picha peke yake kwa mgonjwa mwenye hatari inakupa "inawezekana". Ukitaka kupanda ngazi unahitaji kipimo.

Kuna galaktomanani, sukari inayotoka kwenye ukuta wa aspajilasi, inapimwa kwenye damu au kwenye maji ya kuosha pafu. Maji ya kuosha pafu yanatoa majibu bora kuliko damu, hasa kama mgonjwa yuko tayari kwenye dawa. Lakini mukori hana sukari hiyo. Kipimo kikirudi hasi na picha ni mbaya, msifurahi haraka.

CT inatusaidia pia kuelekeza bronkoskopi, ule mrija wenye kamera unaoingizwa kwenye njia ya hewa: inamwambia daktari aende sehemu ipi ya pafu kuosha. Bila ramani hiyo anaweza kuosha sehemu nzima na kuacha yenye ugonjwa. Tatizo ni kwamba chembe sahani zikiwa chini sana, kuchukua kinyama ni hatari, kwa hiyo wagonjwa wengi hawafiki "imethibitika" na wanatibiwa hivyo hivyo.

#11 Otis wa Kisumu

Habari zenu ndugu. Huku kwetu Kenya, na nadhani hata kwenu, mtu akiwa na kitu kwenye pafu swali la kwanza ni TB. Jirani yetu alirudi kutoka India baada ya kupandikizwa uboho, akakohoa miezi kadhaa baadaye, kituo cha karibu kikataka kumwanzishia dawa za TB moja kwa moja. Picha zinaweza kutofautisha?

#12 MsomaKifua

Otis, asante, maana vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa na watu ambao TB hawaioni mara kwa mara.

Jibu fupi: zinasaidia, hazimalizi. TB nayo inaweza kutoa kinundu chenye duara. Inaweza hata kutoa duara lililogeuzwa, ila mara nyingi la TB lina vijinundu vidogo vidogo juu ya pete yake na hata ndani, wakati la mukori pete yake ni laini. TB inapenda sehemu za juu za pafu, inatengeneza mapango, na inaacha alama kama vichipukizi vya mti kando ya njia ndogo za hewa. Lakini kuna aspajilasi anayepita njia za hewa badala ya mishipa, naye anatoa vichipukizi hivyo hivyo. Kwa hiyo katika nchi zetu makohozi au maji ya kuosha pafu yapimwe GeneXpert (kipimo cha haraka cha TB) kila mara, sambamba na vipimo vya fangasi. Isiwe hiki au kile.

Kuna jambo la ziada: rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, inashusha vorikonazoli mwilini mpaka inakuwa kama haipo. Ukimwanzishia mtu dawa za TB kwa kubahatisha huku ana fangasi, unamnyang'anya dawa ya fangasi bila kujua. Tena inashusha na takrolimasi. Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kituo kilichompandikiza kipigiwe simu.

Na angalia tena tarehe. Umesema miezi kadhaa baadaye. Nyutrofili zilisharudi, lakini kama alichangiwa na mtu mwingine, uloto mgeni unaweza kuanza kushambulia ngozi, ini na utumbo wake, akapewa steroidi nyingi. Hapo fangasi anapata mlango wa pili, na watu wengi wanausahau. Kwa wagonjwa hawa duara halionekani mara nyingi kama kwa wasio na nyutrofili. Picha inaweza kuwa mabaka mazito kando ya njia za hewa, au vinundu tu. Msomaji asiyejua anaandika "nimonia ya kawaida".

Kipindi hicho orodha inakuwa ndefu. Ukungu uliotanda mapafu yote mawili, mgonjwa anahema akipanda ngazi tatu tu, na aliacha septrini, antibayotiki aliyokuwa anameza kama kinga: hiyo inanukia nimosistisi, ambaye naye ni fangasi, na wenzetu wa kliniki za VVU wanamfahamu vizuri. Virusi vya sitomegalo navyo vinatoa ukungu na vijinundu vidogo. Halafu kuna pafu linaloshambuliwa na uloto wenyewe bila mdudu yeyote: hapo CT inapigwa mara mbili, mgonjwa akivuta pumzi na akiitoa, na sehemu zinazobaki nyeusi wakati wa kutoa ndizo zilizonasa hewa. Usipoagiza picha ya kutoa pumzi, hutaiona.

#13 Bibi Mwanaidi

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ana selimundu na tunasubiri zamu yake ya kupandikizwa. Haya ya fangasi yamenitia hofu. Je, na watoto wa selimundu yanawapata? Na nyumbani tumezoea kumfukiza kwa mvuke wa majani akipata kifua. Tukirudi naye tuendelee?

#14 MsomaKifua

Bibi, shikamoo. Usikate tamaa. Mtoto wa selimundu anaingia kwenye upandikizaji akiwa na hali tofauti na mgonjwa wa lukemia. Huyu wa lukemia mara nyingi ameshapita miezi ya dawa kali na nyutrofili zake zimeshashuka mara nyingi kabla, kwa hiyo hatari yake ya fangasi ni kubwa zaidi. Mtoto wako hajapita huko. Hatari ipo, hasa siku ambazo nyutrofili hazijarudi na wakati wote anaokunywa dawa za kushusha kinga, ndiyo maana anapewa dawa za kukinga na anakaa chumba cha peke yake.

Jambo moja linalohusu picha: watoto wengi wa selimundu mapafu yao yana makovu ya matatizo ya kifua ya zamani. CT ya kifua kabla ya kupandikizwa inasaidia sana, kwa sababu akipata homa baadaye tunalinganisha na kujua kipi ni cha zamani. Uliza kama imepigwa.

Kumfukiza, bibi yangu, nakuomba mpumzishe mpaka madaktari wake waruhusu. Majani makavu yaliyohifadhiwa yana ukungu ambao macho hayauoni, na yeye ndiye asiyetakiwa kuuvuta. Majani ya kunywa pia yanaweza kupandisha au kushusha dawa zake. Akipata homa ya nyuzi 38, mkimbizeni hospitali usiku huo huo, msimpoze na panado mkangoja asubuhi.

#15 NesiWaChumbaChaKujitenga

Bibi shikamoo. Naunga mkono hapo. Na mkifika mapokezi semeni kwa sauti: "Amepandikizwa uloto." Msipange foleni pamoja na wanaokohoa.

#16 Mama Nasra

Kaka, nimeuliza yale maswali mawili. Nyutrofili zimefika 700 juzi. Vinundu ni vile vile viwili, hakuna kipya, na daktari ameonyesha kwamba kimoja kimeanza kuwa na mwanya wa hewa pembeni. Baba amekubali abaki. CT nyingine wamesema baada ya wiki mbili. Akiruhusiwa atarudi kwetu Tanga na kliniki ataendelea huku. Nibebe nini kutoka hospitali alikolazwa?

#17 MsomaKifua

Alhamdulillahi, nimefurahi sana kusikia hivyo dada. Na huo mpango wa kurudia baada ya wiki mbili ni wa kawaida. Mapema zaidi ya hapo picha inachanganya, labda hali yake ibadilike ghafla.

Beba sidii au flashi yenye picha zote za CT tangu ya kwanza, zile slaisi nyembamba zenyewe, siyo karatasi ya majibu wala filamu iliyopigwa picha kwa simu. Atakayesoma huku anataka kuweka kinundu cha leo kando ya kinundu cha mwezi uliopita na kukipima mahali pale pale. Jaribuni kuifungua kwenye kompyuta nyingine kabla hamjaondoka, maana nyingi zinakuja hazifunguki.

Beba barua yenye tarehe ya kupandikizwa, nani alichangia, siku nyutrofili zilipopita 500, tarehe ya kuanza vorikonazoli na dozi yake, viwango vya dawa hiyo kwenye damu kama walipima, majibu ya galaktomanani zote, na dozi ya takrolimasi au saiklosporini ya sasa. Waulize vorikonazoli inaendelea mpaka lini, kwa maandishi. Kawaida si chini ya wiki 6 hadi 12, na inaendelea kadiri kinga yake inavyobaki chini. Msije mkaikatiza kwa sababu homa imeisha, wala kwa sababu imekosekana duka la dawa la mtaani. Anzeni kuitafuta mapema, kabla ya kile kidonge cha mwisho.

Na kovu litabaki kwenye CT miezi mingi, pengine moja kwa moja. Mtu wa huku akiliona bila zile picha za zamani atasema ni TB.